Mto Mmoja, Njia Moja: Wasafiri wa Baiskeli Kando ya Danube

Wahenga walinena kuwa milima haikutani lakini binadamu hukutana. Ni kweli kabisa, ila hawakutueleza binadamu hukutana vipi. Mpenzi msomaji, katika makala haya nitakueleza kuhusu mahali ambapo watu wasiojuana hukutana leo, kesho wakakutana tena, na kesho kutwa ukawakuta wanakula meza moja. Mahali penyewe ni kando ya mto Danube huko Ulaya, na watu wenyewe ni wasafiri wa baiskeli.

Danube huanzia katika Msitu Mweusi nchini Ujerumani na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi, mwendo wa kilomita 2,850 hivi. Huo ni karibu mara tatu ya mto wetu Tana. Kando yake kuna njia ya baiskeli, na sehemu inayopendwa sana ni ile inayotoka mji wa Passau, Ujerumani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Hizo ni zaidi ya kilomita 300. Wengi huzimaliza kwa wiki moja hivi, nguo na vyakula vikiwa katika mikoba iliyofungwa kwenye keria.

Je, kwa nini watu hawa wanakutana sana? Sababu ya kwanza ni njia yenyewe. Hapo zamani mashua zilizopanda mto zilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Meli za mvuke zilipoenea katika karne ya 19 farasi wakapumzika, lakini njia zao hazikupotea zote. Sehemu nyingi ndizo hizo baiskeli hupita leo. Njia ya farasi ilibidi iwe tambarare na iwe karibu na maji, ndiyo maana hata mzee na mtoto wanaimudu. Basi kijana mwenye nguvu na nyanya mwenye mvi wote wako kwenye uzi mmoja, kama shanga.

Sababu ya pili ni mwelekeo. Wengi huteremka na mto, kutoka magharibi kwenda mashariki. Usidhani ni mteremko unaowasukuma. Passau iko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari na Vienna karibu mita 160, kwa hivyo kila kilomita hushuka chini ya nusu mita. Huwezi hata kuhisi! Kinachosaidia zaidi ni upepo, ambao mara nyingi huvuma kutoka magharibi.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme wewe unaenda kilomita 15 kwa saa na mwenzako aliye nyuma yako kilomita moja anaenda 16. Itamchukua saa nzima kukufikia. Akikufikia mtakuwa mmekaribiana mno kwa mwendo hata mtaongea kwa muda mrefu kabla hajakuacha. Ukisimama kunywa maji, yeye anapita. Akisimama kula, wewe unapita. Mchezo huo unaendelea siku nzima. Lakini anayetoka upande wa pili kwa kilomita 15, mkiwa mmeachana kilomita moja, mtapishana baada ya dakika mbili tu, na pengine hamtaonana tena maishani.

Hata hivyo, huyo wa dakika mbili ana faida yake. Yeye anatoka kule unakokwenda. Anajua daraja gani limefungwa, wapi maji yamefunika njia, na kibanda gani kinauza chakula cha bei nafuu. Kwa hivyo wenye busara hawapishani kimya kimya. Watu wa huko husalimiana kwa neno "Servus", ambalo hutumika wakati wa kukutana na wakati wa kuagana pia.

Sababu ya tatu ni vivuko. Pale Schlögen mto hujikunja na kugeuka karibu kurudi ulikotoka. Milima yenye misitu imeubana pande zote, na kwenye ukingo mmoja njia hukatika kabisa. Inabidi kupanda mashua ndogo inayobeba watu na baiskeli zao. Hapo aliyekuwa mbele humsubiri aliyekuwa nyuma, atake asitake. Mtu aliyepata pancha asubuhi hupata pampu ya kuazima, na aliyeishiwa na viraka hupewa. Jamani, hata hapa kwetu ukipata pancha njiani utajua nani ni rafiki na nani ni mpita njia.

Lakini usifikiri mto huu umekuwa ukikutanisha watu siku zote. Ukipita Vienna ukaelekea mashariki, kabla tu ya mji wa Bratislava, mto Morava huingia katika Danube. Mpaka mwaka 1989 hapo palikuwa na seng'enge na askari wenye bunduki, kwa sababu serikali ya Chekoslovakia haikutaka raia wake watorokee Austria. Wapo waliojaribu kuvuka wakafa. Mtu wa ng'ambo hii angeweza kumwona wa ng'ambo ile akivua samaki, na asimsalimie hata kwa mkono.

Mwaka 2012 daraja la wapita kwa miguu na baiskeli lilifunguliwa juu ya Morava. Watu walipoulizwa kwa kura lipewe jina gani, wengi walichagua Chuck Norris, yule mwigizaji wa filamu za mapigano! Viongozi hawakukubali. Waliliita Daraja la Uhuru kwa kuwakumbuka waliokufa wakitoroka. Leo msafiri huvuka kutoka Austria hadi Slovakia bila hata kushuka kwenye baiskeli.

Kwa hivyo, mwenzangu, watu hawakutani kwa bahati tu. Ni lazima pawe na njia iliyo wazi, mwendo usio wa haraka, na mahali pa kusubiriana. Zaidi ya hayo, ni lazima mtu akubali kufungua mdomo kwanza. Njia inaweza kukuletea mwenzako mpaka ubavuni, lakini salamu utaitoa mwenyewe.