Boti ya mbao ya okazio: angalia chini ya rangi mbele ya kutoa dola

Kalemie, Moba, Baraka, Uvira: kandokando ya ziwa Tanganyika, boti ya mbao ndiyo gari ya watu. Inabeba unga, mihogo, mafuta ya mawese, ndakala, mbuzi, na wenye mali wakikaa juu ya mifuko yao. Mutu mwenye ameweka pesa kidogo, ao wamama wa soko wenye likelemba, wanafika siku moja wanasema: basi, tuache kulipa nafasi kila juma, tununue ya kwetu. Mupya bei yake ni kali, kwa hiyo wanatafuta ya okazio. Na ni hapo wengi wanauziwa rangi kuliko boti.

Swali la kwanza la kuuliza muuzaji si bei. Ni hili: boti hii ilikuwa inafanya njia gani? Tanganyika ni ziwa lenye urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika metre karibu 1.470. Upana wake wa kawaida ni kilometa karibu 50, lakini mutu mwenye kutoka Kalemie kwenda Kigoma, Tanzania, anakata zaidi ya kilometa 100 za maji. Ku kiangazi, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, upepo wa kusini unatembea juu ya urefu ule wote na mawimbi yanapata nafasi ya kukomaa. Boti yenye imezoea kufuata kando, kijiji kwa kijiji, inaweza kuwa nzuri sana kwa kazi ile na mbaya kwa kuvuka. Ubavu wake uko chini, tumbo lake ni bapa, na wimbi likipiga kwa upande maji yanaingia. Si kosa la boti. Ni kosa la mutu mwenye ameipeleka mahali haikutengenezewa.

Kisha, omba waivute inje ya maji. Muuzaji mwenye kukataa, na wewe kataa. Boti ikiwa ndani ya maji, sehemu yenye kubeba maisha ya watu haionekane.

Rangi mupya isikufurahishe haraka. Wengine wanapaka ili boti ipendeze, wengine wanapaka ili kufunika. Chukua turnevisi ama kisu cha ncha kali, sukuma polepole ndani ya mbao. Mbao nzima inakataa. Mbao yenye kuoza inapokea chuma kama avoka yenye kuiva. Usichome katikati ya ubao palipo rahisi, choma pale maji yanapenda kulala: kando ya ule muti mrefu wa chini wenye kuwa kama uti wa mugongo wa boti, pale mbavu za ndani zinagusana na mbao, na ule ubao wa nyuma wenye kushika moteri. Ule wa nyuma ndio wa kutazama mara mbili, sababu moteri inautikisa kila siku. Gonga pia na mupini wa nyundo. Mbao yenye afya inajibu kwa sauti kavu, mbao mugonjwa inanyamaza.

Angalia misumari. Kama kandokando ya kichwa cha musumari mbao imekuwa nyeusi na laini, kutu imekwisha kula shimo na musumari haushike tena kitu. Musumari mumoja, mitano, fundi anaweza kubadilisha. Ikiwa ni mustari muzima kutoka mbele mpaka nyuma, hiyo ni kufumua boti na kuianza upya. Muuzaji atasema yote ni muvule. Pengine ni kweli, pengine muvule uko chini na huko juu wameunga na mukaratusi. Peleka fundi wako wa mbao, si fundi mwenye ameletwa na muuzaji. Kumulipa kazi ya asubuhi moja ni pesa kidogo mbele ya kupoteza likelemba yote.

Sasa irudishe ndani ya maji. Hapa wanunuzi wengi wanakosea kwa pande mbili. Boti yenye imekaa majuma mengi ku jua, mbao zake zimenyauka na nafasi zimefunguka katikati yao. Siku ya kwanza itavuja, na hiyo si zambi. Mbao zikinywa maji zinavimba na kujifunga. Kwa hiyo iache siku mbili ao tatu. Kisha toa maji yote jioni, lala, rudi asubuhi, na hesabu ndoo. Kama kwa siku ya tatu ungali unachota kama siku ya kwanza, pamba yenye kuzibia kati ya mbao imekwisha, ao mbao yenyewe imepasuka. Na maji ya usiku yanakuja boti ikiwa imetulia tu. Ndani ya mawimbi mbao zinajinyonga, na maji yanazidi.

Kuna jambo lingine lenye wauzaji hawasemi: boti ikizeeka inakuwa nzito. Mbao imekunywa maji miaka na miaka, wameongeza viraka, wameongeza lami. Mizigo yenye ilibeba ikiwa mupya haiwezi tena kuibeba vilevile. Pakia mifuko ya muchanga kidogokidogo, ukitazama ni ubao ngapi ungali juu ya maji, na weka alama ya rangi pale unaona inatosha. Alama hiyo itakusaidia siku wasafiri watakuja kusukumana. Tarehe 3/10/2024, ku ziwa Kivu, boti Merdi yenye ilitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiangalia toka kando. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Haikukuwa katikati ya ziwa.

Moteri inakuja nyuma, hata kama ndiyo wanunuzi wengi wanaangalia kwanza. Fika bila kutangaza saa, ugusie moteri ingali baridi: ikiwa imepata moto, muuzaji amekwisha kuiwasha mbele yako uje, na pengine inaamka kwa shida. Ikiwaka, tazama ule muchirizi mwembamba wa maji unatoka kwa nyuma. Ukiwa zaifu, maji ya kupoza hayapite vizuri, na moteri itaungua ku njia. Fungua mafuta ya giya chini: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Soma namba yenye imeandikwa juu ya moteri na uifananishe na karatasi, sababu wizi wa moteri ku ziwa letu unajulikana, na mutu anaweza kukamatwa kwa moteri yenye alinunua kwa moyo safi.

Tazama pia kama kuna kafi nzima na mahali pa kusimamisha muti wa tanga. Vijana wanacheka tanga siku hizi. Lakini moteri ikizimika mbali, bashi moja juu ya muti mumoja inaweza kurudisha boti kando, wakati boti bila kitu inageuka ubavu kwa mawimbi. Na kando yenyewe imebadilika: tangu maji ya ziwa yalipanda ndani ya miaka hii, kuta za nyumba na visiki vimebaki chini, pale ambapo zamani kulikuwa barabara. Chunguza tumbo la boti kama halina alama ya kugonga.

Ku mwisho, mikaratasi. Uliza ku komisaria ya ziwa kama boti inajulikana kwa jina la muuzaji, na kama haina deni ao kesi. Andika mauzo mbele ya mashahidi, boti na moteri kila moja kwa mustari wake. Na usimalize pesa yote siku ile: jile za kuokoa maisha, kamba, nanga na pamba ya kuzibia vinahesabiwa ndani ya bei, mbele ya safari ya kwanza.