Afisa wa Benki Huangalia Nini Kabla ya Kukupa Mkopo wa Biashara?

Una duka la vipuri Kirinyaga Road, ama unauza nguo Kawangware. Wateja wako, mali inatoka. Lakini ukiomba mkopo wa kuongeza bidhaa, benki inakwambia subiri. Mara nyingi shida si biashara yako. Shida ni kwamba biashara yako haionekani.

Afisa anayehudumia biashara ndogo na za kati hakai ofisini tu. Asubuhi anaweza kuwa Kenyatta Avenue akisoma faili, mchana yuko Kangemi akitazama rafu za duka na kuuliza kodi ni pesa ngapi. Pesa si zake. Lazima aeleze wakubwa wake kwa nini ukopeshwe, na maneno matupu hayatoshi.

Kinachobaki, si kinachoingia

Tuseme kwa mwezi unauza ya 300,000. Mali inakula 220,000. Kodi, mishahara na usafiri 45,000. Umebaki na 35,000, na hiyo ndiyo hesabu ya afisa. Ukiomba mkopo wa kulipa 30,000 kila mwezi, nyumbani utabaki na 5,000. Atakataa, na hapo anakulinda hata wewe.

Sasa, kama nusu ya wateja wanalipa taslimu ama kwenye namba yako ya kibinafsi, pamoja na michango ya harusi na karo ya watoto, yeye ataona biashara ya 150,000. Umejipunguza mwenyewe!

Historia ya madeni

Ataangalia jina lako CRB. Hata mkopo mdogo wa simu uliousahau unaweza kukuharibia. Kenya ina CRB kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, kwa hivyo iangalie kabla yake. Ukiona kosa, lalamika mapema.

Anza hivi leo

- Pokea malipo yote ya duka kwenye tili ama namba ya biashara, si namba yako ya kibinafsi.
- Pesa taslimu ya siku, iweke kwenye akaunti jioni kabla ya kuitumia.
- Jilipe kiasi kimoja kila mwezi, badala ya kuchota kidogo kidogo.
- Weka tayari kitambulisho, PIN ya KRA, leseni ya kaunti na taarifa ya akaunti ya miezi sita.

Miezi sita ni mirefu ukiwa na haraka. Ndio maana ni vizuri kuanza kabla hujahitaji mkopo.

Na tafadhali kumbuka: afisa wa kweli hataomba PIN yako ya simu, wala hatakwambia umtumie "kitu kidogo" kwa namba yake ili mkopo upite. Ukiambiwa hivyo, usitume kitu. Kata simu, kisha uende mwenyewe kwenye tawi uulize.