Shule ya Msingi ya England na Anachotarajiwa Mzazi

Katika shule nyingi za msingi za Afrika Mashariki, mzazi mwema ni yule anayemleta mtoto akiwa safi, akalipa michango kwa wakati, akafika anapoitwa, na mengine yote akamkabidhi mwalimu. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya ualimu, na wengi waliolelewa hivyo huendelea nayo wanapohamia ughaibuni. Shule za England, ambazo taratibu zake si sawa na zile za Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, zinakwenda kwa dhana nyingine, kwamba sehemu ya kazi ya mwalimu hufanyika nyumbani kila siku, na kwamba mzazi asiyejibu barua wala kuuliza swali ni mzazi asiyejulikana yuko wapi, hata kama kimya chake ni cha adabu. Shida nyingi baina ya familia za Waswahili na shule huanzia hapo, wala hazitokani na mapenzi mabaya ya upande wowote.

Kwa kawaida mtoto huanza darasa la awali, liitwalo Reception, mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka minne, ingawa sheria humlazimu kupata elimu ya kutwa kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano. Kisha hupanda kila mwaka, kutoka Mwaka wa 1 hadi Mwaka wa 6, na kukariri darasa ni jambo la nadra sana. Masomo ya siku huanza kabla au karibu na saa tatu asubuhi na kumalizika baada ya saa tisa alasiri. Hakuna kuwahi namba wala kufagia uwanja: mlango hufunguliwa kwa dakika chache, watoto wakaingia, ukafungwa, na anayechelewa hupitia ofisini, ambako jina lake na sababu ya kuchelewa huandikwa. Wakati wa kutoka, mwalimu wa watoto wadogo husimama mlangoni na kumwachia mtoto mmoja mmoja, baada ya kumwona mtu mzima aliyeandikishwa kumchukua, kwa hiyo mama mdogo aliyetumwa kwa dharura bila ofisi kuarifiwa atasubirishwa nje, hata kama mtoto anamkimbilia kwa furaha. Utaratibu huo unaweza kuonekana kama dharau kwa ndugu wa damu, lakini kumlinda mtoto ni jambo ambalo mwalimu hawezi kulifanya kwa kukisia.

Mahudhurio yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu yanaweza kumgharimu mzazi fedha. Majina huitwa mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na kila mara huhesabiwa kuwa kipindi kimoja, hivyo mwaka wa siku 190 una vipindi 380, na mtoto anayekosa asilimia 10 ya vipindi hivyo, yaani siku 19, huingizwa katika kundi la watoro wa kudumu, hata kama kila siku aliyokosa alikuwa mgonjwa. Mtoto akiugua, ofisi hupigiwa simu mapema asubuhi ya siku ya kwanza, na katika shule nyingi kila siku inayofuata. Mgongano mkubwa huja kwenye safari za kwenda nyumbani, kwa kuwa tiketi za ndege huwa na bei nafuu hasa pale shule zinapokuwa zimefunguliwa. Tangu Agosti 2024 kiwango cha faini ni kimoja England nzima: mtoto akikosa vipindi 10 bila ruhusa ndani ya majuma 10 ya masomo, kila mzazi anaweza kutozwa pauni 80 kwa kila mtoto, ambazo huwa pauni 160 zisipolipwa ndani ya siku 21. Wazazi wawili wenye watoto watatu wanaweza basi kudaiwa pauni 480 kwa safari moja, na kosa la pili katika kipindi cha miaka mitatu huanzia pauni 160 moja kwa moja, ilhali la tatu linaweza kufikishwa mahakamani. Mwalimu mkuu anayo mamlaka ya kutoa ruhusa pale tu hali inapokuwa ya kipekee, na msiba wa ndugu wa karibu unaweza kukubaliwa kuwa hali ya namna hiyo, mradi barua iandikwe kabla ya kusafiri. Sikukuu ya Idi hutambuliwa kuwa siku ya ibada na mtoto huruhusiwa kutohudhuria, lakini ni vyema mzazi aandike mapema na kueleza kwamba tarehe inategemea kuandama kwa mwezi, maana ofisi ya shule imezoea sikukuu ambazo tarehe zake hujulikana mwaka mzima kabla.

Ufundishaji wa kusoma nao una mantiki yake. Aliyejifunza kwa ba, be, bi, bo, bu amezoea maandishi ambamo kila herufi hutamkwa karibu vilevile popote ilipo, ilhali Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, ndiyo maana watoto hufundishwa sauti moja moja, kisha namna ya kuziunganisha kuwa neno. Mwezi Juni wa Mwaka wa 1, kila mtoto husoma maneno 40 mbele ya mwalimu, na nusu ya maneno hayo hayana maana yoyote. Pembeni yake huchorwa kiumbe cha kubuni ili mtoto ajue kwamba si neno la kweli, na lengo ni kuona kama anasoma herufi zenyewe au anakumbuka sura ya neno alilolizoea. Mzazi anayekuta orodha ya maneno hayo mkobani asidhani kwamba shule imekosea.

Mkoba huohuo hubeba kitabu kidogo cha hadithi pamoja na kijitabu chenye safu za tarehe, kurasa zilizosomwa na maoni ya mtu mzima aliyemsikiliza mtoto. Sentensi moja inatosha, kwa mfano kwamba amesoma ukurasa wa 4 hadi wa 8 na akakwama kwenye neno fulani, lakini kijitabu kikirudi kitupu wiki baada ya wiki, mwalimu huelewa kwamba nyumbani hakusomwi. Mzazi ambaye Kiingereza chake ni kidogo anaweza kumwacha mtoto asimulie picha kwa Kiswahili, kisha akatia saini. Mwongozo wa kisheria wa elimu ya awali nchini England huitaka shule ichukue hatua zinazofaa ili mtoto apate nafasi ya kutumia lugha ya nyumbani kwao katika michezo na masomo, kwa hiyo familia inayoacha Kiswahili ili kuwafurahisha walimu inatoa kitu cha thamani ambacho hakuna aliyekiomba.

Chakula cha mchana ni bure kwa watoto wote wa shule za serikali kuanzia Reception hadi Mwaka wa 2 tangu Septemba 2014, na jijini London kwa shule zote za msingi za serikali tangu Septemba 2023. Hata hivyo, familia yenye kipato kidogo ijaze fomu ya maombi, kwani shule hupewa ruzuku ya ziada kwa kila mtoto aliyesajiliwa kwa njia hiyo. Anayebeba chakula chake asiwekewe kashata za karanga, ambazo shule nyingi hukataza kwa ajili ya wenye mzio, na aelezwe kwamba shuleni hatagawana tonge na mwenzake, ingawa nyumbani amefunzwa kugawana.

Viboko viliondolewa katika shule za serikali mwaka 1987. Mtoto akimwambia mwalimu kwamba amechapwa nyumbani, mwalimu hana ruhusa ya kuahidi kutunza siri. Huandika maneno ya mtoto na kuyafikisha kwa mhusika wa ulinzi wa watoto, ambaye kila shule inawajibika kuwa naye. Mzazi akiitwa baada ya hapo, aende, asikilize, aeleze, na aombe mkalimani ikibidi, wala asimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu.

Kuhusu maendeleo, swali la kuwa mtoto amekuwa wa ngapi darasani halina jibu, kwa sababu taarifa za shule kwa kawaida hazipangi nafasi. Hueleza tu kama amefikia kiwango kinachotarajiwa kwa umri wake, bado, au amekivuka. Swali lenye manufaa katika kikao cha mzazi na mwalimu, ambacho mara nyingi huchukua dakika 10 tu, ni nini kinachomkwamisha na nyumbani kifanyike nini. Mitihani ya mwezi Mei ya Mwaka wa 6 nayo haimpangii mtoto shule ya sekondari: nafasi huombwa na mzazi mwenyewe kwa halmashauri, na mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 31 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya mitihani hiyo kufanyika.