Sanduku la Agano na Mali ya Mjerumani



Huenda wewe au vijana wako mmeitazama filamu ya Kimarekani iitwayo Raiders of the Lost Ark, iliyotoka mwaka 1981. Msomi mwenye kofia na mjeledi anashindana na Wajerumani kulitafuta Sanduku la Agano huko Tanis, Misri. Ni burudani nzuri. Shida ni pale mtazamaji anapoondoka akidhani amesoma Biblia.

Filamu inadokeza kwamba Farao Shishaki ndiye aliyelichukua Sanduku kutoka Yerusalemu. Fungua 1 Wafalme 14:25-26: Shishaki alitwaa hazina za Hekalu na ngao za dhahabu, lakini Sanduku halitajwi. Kisha fungua 2 Mambo ya Nyakati 35:3. Karibu miaka 300 baadaye, Mfalme Yosia anawaagiza Walawi waliweke Sanduku Hekaluni. Lingewezaje kuwa limefukiwa Misri? Tena tunaambiwa mji wa Tanis ulikuwa umepotea mchangani, kumbe Mfaransa Pierre Montet alikuwa akichimba pale tangu 1929. Na mwaka 1936, ambao ndio wakati wa hadithi hiyo, Misri ilikuwa na majeshi ya Kiingereza. Askari wa Hitler wangepiga kambi vipi humo?

Kwa nini nakuambia haya Dominika ya leo? Kwa sababu sisi wa Rungwe tuna filamu yetu: mali ya Mjerumani. Utasikia dhahabu imefukiwa karibu na boma la zamani la Tukuyu, au imezamishwa Ziwa Masoko. Mtu analetewa ramani na mgeni, anauza ng'ombe wa familia alipie mganga na mashine ya kupimia madini, kisha anachimba usiku, pengine kando ya makaburi ya wazee wa watu. Shimo likiporomoka, mwenye ramani haonekani.

Tuipime hadithi hii kama tulivyoipima ile. Waingereza chini ya Jenerali Northey waliingia hapa, wakati huo pakiitwa Neu-Langenburg, mwezi Mei 1916. Mwaka huohuo Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia ya bahari, walikuwa na upungufu wa fedha hata wakatengeneza sarafu zao wenyewe Tabora, nyingine kwa maganda ya risasi. Zile za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, hazikufika 20,000. Je, serikali inayookota maganda ya risasi ingeacha masanduku ya dhahabu chini ya migomba yetu?

Kitabu cha Pili cha Wamakabayo (2:4-8) kinasimulia kuwa Yeremia alilificha Sanduku pangoni. Waliomfuata wakitaka kuitia alama njia hawakuipata tena, naye akawakemea. Mungu hufunua kwa wakati wake.

Na yule mtu wa Mathayo 13:44, aliyeona hazina shambani, hakurudi usiku na sururu. Aliuza vilivyo vyake, akalinunua shamba, tena kwa furaha.

Kijana wako akikuletea ramani, usimcheke. Mwulize: kama mwenye ramani anaiamini, mbona hachimbi mwenyewe? Kisha mwonyeshe chai, viazi na ndizi. Udongo huu hutoa mali kila msimu kwa anayeuchimba mchana.