Mbolea yetu isiishie ziwani



Mvua za Septemba zilipoanza, kikundi chetu kilipanda maharagi katika shamba la pamoja, kwenye mteremko huko Kabare. Tulinunua mbolea ya kizungu kwa pesa ya likelemba, tukaimwaga juu juu. Usiku mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi kijito kilikuwa chekundu, na pesa yetu ilikuwa njiani kwenda ziwa Kivu.

Ndani ya mbolea ile mna fosfori. Ndiyo inayosaidia mizizi kukua na maharagi kuzaa. Udongo wetu mwekundu unaishika sana, kwa hiyo udongo ukiondoka, fosfori inaondoka nao. Darasani tulichota maji ya kijito katika chupa, tukayaacha yatulie. Potopoto iliyobaki chini, watoto wakasema wenyewe: hilo ni shamba la mama.

Ziwani, fosfori inalisha mwani. Huko Kanada, mwaka 1973, wataalamu waligawanya ziwa dogo kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na azoti, lakini upande mmoja wakaongeza fosfori. Huo ndio uliogeuka kijani. Mwani ukifa unaoza, unamaliza hewa ndani ya maji, na samaki wanakufa. Mwani wa aina fulani una sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mahali maji yamekuwa kijani kama rangi iliyomwagika, tusichote, na watoto wasioge.

Basi tufanye hivi:

1. Tulime na kupanda kwa kukatisha mteremko, si kutoka juu kwenda chini.

2. Tupande mistari ya matete kukatisha shamba. Yanazuia udongo, na mbuzi wanapata chakula.

3. Mbolea tuitie ndani ya shimo la mbegu, kidogo, tuifunike kwa udongo. Mawingu mazito yakionekana, tungoje.

4. Rundo la mbolea ya mifugo liwe mbali na kijito, lifunikwe kwa majani ya ndizi.

5. Kando ya kijito tuache majani yaote. Tusilime mpaka ukingoni.

Kijito hakijui mpaka wa shamba. Mama wa juu akilima vibaya, mama wa chini anachota potopoto. Kwa hiyo salongo ya Jumamosi tunaanzia juu ya kilima. Kila mama alete jembe na vipande vya matete vya kupanda.