Je, Wajua? Adhabu Nje ya Lango la Gereza

Je, wajua kuwa anayetajwa kuwa baba wa kifungo cha nje hakuwa hakimu wala wakili, bali fundi viatu? Agosti 1841, mjini Boston, Marekani, John Augustus alikuwa ameketi mahakamani alipopandishwa kizimbani mlevi mmoja, nguo zake matambara matupu. Fundi akazungumza naye kidogo, akaona mtu huyu bado anaweza kuokoka, akamwekea dhamana. Baada ya wiki tatu wakarudi pamoja. Yule bwana alikuwa ameacha pombe, na amebadilika hata sura. Hakimu akamtoza faini ya senti moja. Ukijumlisha na gharama za kesi, akalipa dola 3 na senti 76 papo hapo, akaenda zake. Augustus aliendelea hivyo kwa miaka 18, na alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu wapatao 2,000. Jimbo lake, Massachusetts, lilitunga sheria ya kazi hiyo mwaka 1878, fundi mwenyewe akiwa kaburini.

Je, wajua kuwa Tanganyika ilianza kwa kukaza kamba? Sheria ya mwaka 1963 ya kiwango cha chini cha adhabu ilimfunga hakimu mikono: makosa kama rushwa yalikuwa na kifungo cha miaka miwili na viboko 24, 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliisimulia sheria hiyo Mbeya, Mei Mosi 1995, na watu bado wanaikumbuka kwa hamu. Mimi sina hamu nayo. Hakimu asiyeruhusiwa kumtazama mtu aliye mbele yake amebakiwa na kazi ya karani.

Mlango mwingine ulifunguka baadaye. Zimbabwe ilianza mpango wa huduma kwa jamii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1997 mkutano uliofanyika Kadoma, huko huko Zimbabwe, ukatoa azimio la kuzihimiza nchi za Afrika zifuate njia hiyo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Uganda 2000, Tanzania 2002. Kwa Kenya na Tanzania, hakimu anayeona kosa linastahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo: kutengeneza barabara, kupanda miti, kukarabati shule. Mwashi anaweza kupewa kazi ya uashi.

Niliwahi kumwona kijana akitumikia adhabu hiyo kwenye zahanati, slesha mkononi, jasho linamtiririka, nyasi zimefika magotini. Wanaopita walimsalimia kwa jina. Jioni alirudi kulala kwake. Mama aliyekamatwa na lita chache za gongo akifungwa miezi sita, nani atawapikia wanawe usiku ule wa kwanza? Swali hilo linaniuma kila ninaposikia watu wakisema adhabu za nje ni kudekeza wahalifu.

Je, wajua kuwa faini inaweza kupimwa kwa kipato? Finland hufanya hivyo tangu 1921. Mkurugenzi mmoja wa Nokia aliyekwenda kilomita 75 kwa saa kwa pikipiki, mahali pa 50, aliandikiwa faini ya yuro 116,000, ingawa baadaye ilipunguzwa sana. Kwetu mtu huozea gerezani kwa kukosa faini ambayo mwenzake angeilipa kwa pesa za mfukoni.

Na je, wajua kisa cha Elmira, mji mdogo wa Ontario, Kanada? Mwaka 1974 vijana wawili walilewa, wakaharibu mali katika sehemu 22 kwa usiku mmoja. Ofisa aliyeshughulikia kesi yao alipendekeza wakutane na wenye mali hizo, na hakimu akakubali. Wakaenda nyumba kwa nyumba, wakagonga, wakasema ni sisi, wakasikiliza hasara ya kila mmoja, kisha wakarudi kulipa. Miaka mingi baadaye mmoja wao, akiwa mtu mzima, alikuwa darasani chuoni akisomea mambo ya sheria. Ikasimuliwa habari ya vijana wawili wa Elmira ambao kesi yao ilifungua njia ya upatanisho kati ya mkosaji na mkosewa. Akatambua kwamba anayezungumziwa ni yeye.