Je, Wajua? Kodi Yako, Nafuu Yako na Juni 30

Juni ikielekea ukingoni, saiba hujaa watu walioshika simu, kitambulisho na karatasi iliyokunjwa mara nne. Wengi huja kukwepa faini tu. Ni wachache wanaojua kwamba sheria hiyohiyo ya kodi imewawekea nafuu zao. Msomaji wa Ikutha, Kitui, uwe mwalimu, muuguzi, mwenye duka au mwenye vyumba vya kupangisha, soma haya kabla hujaingia foleni.

Je, wajua kwamba ni PIN ya kodi inayokudai ritani (taarifa ya mapato yako ya mwaka), si mshahara? Kijana aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa masomo wa HELB, kisha asipate kazi, bado anatakiwa kuwasilisha ritani ya sufuri kila mwaka, kabla ya Juni 30 kupita. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kwa kutazama iliyo kubwa. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, haitozi chochote kupokea ritani. Pesa unazolipa saiba ni za kazi ya mhudumu.

Je, wajua kwamba ritani ya sufuri haimfai aliyeajiriwa? Hata kama mwajiri amekata kodi yote kila mwezi, mwenye mshahara hujaza takwimu za fomu ya P9 anayopewa kazini. Mhudumu mwenye haraka anaweza kukujazia sufuri kwa dakika mbili, na hapo umetoa taarifa ya uongo kwa jina lako mwenyewe. Kabla hajatuma, mwambie akugeuzie kioo. Linganisha jumla ya mshahara na kodi iliyokatwa na zile za P9, kisha ondoka na risiti ya kuthibitisha kwamba ritani imepokelewa.

Je, wajua kwamba kwa viwango vya Julai 2023, mwenye mapato ya shilingi 24,000 kwa mwezi yanayotozwa kodi halipi PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara? Kodi yake ni asilimia 10, yaani 2,400, na kila mkazi ana nafuu binafsi ya 2,400 kwa mwezi. Moja inaifuta nyingine. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kuanzia hapo hadi 500,000 ni asilimia 30.

Je, wajua kwamba akiba ya uzeeni hupunguza kodi ya leo? Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa hadi 30,000 kwa mwezi katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa, mfuko wa taifa wa NSSF ukiwa ndani, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 20,000. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa 50,000 ambaye NSSF yake ni 3,000. Akiongeza 5,000 kwenye mfuko kama huo, kodi yake inashuka kwa 1,500 kila mwezi. Kwa mwaka ni 18,000, karo ya mtoto isiyopatikana kirahisi.

Je, wajua kwamba makato ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, na ya nyumba, asilimia 1.5, nayo hutolewa kabla ya kodi tangu tarehe hiyohiyo? Fungua hati yako ya mshahara uone kama yamehesabiwa hivyo.

Je, wajua kwamba bima ya maisha, ya afya au ya elimu ya mtoto ya muda usiopungua miaka 10 hukurudishia asilimia 15 ya unacholipa, hadi 60,000 kwa mwaka? Anayelipa 3,000 kwa mwezi hupunguziwa kodi 450 kila mwezi. Omba cheti cha bima, ukipeleke kwa anayeandaa mishahara. Tangu Julai 2025 mwajiri analazimika kukuhesabia nafuu unazostahili, lakini hawezi kuhesabu bima asiyoijua.

Je, wajua kwamba mtu mwenye ulemavu anaweza kusamehewa kodi ya mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi? Kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pekee hakutoshi. Ni lazima aombe cheti cha msamaha kutoka KRA, na akihuishe muda wake ukiisha. Ukimjua jirani anayestahili, mpe habari hii leo.

Je, wajua kwamba mwenye duka anaweza kuchagua namna ya kutozwa? Biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo, TOT, asilimia 3 ya mauzo yote, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe imepata faida au hasara. Duka linalouza 120,000 kwa mwezi hulipa 3,600, sawa na 43,200 kwa mwaka. Sasa tuseme faida halisi ni asilimia 10 tu, yaani 144,000 kwa mwaka, na mwenyewe hana mapato mengine. Kodi ya kawaida ya mapato ingekuwa 14,400, na nafuu binafsi ya mwaka, 28,800, ingeifuta yote. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT. Sharti ni kuweka hesabu safi, na gharama zake ziwe na ankara za kielektroniki za eTIMS. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachopotea ni zaidi ya 40,000 kila mwaka.

Je, wajua kwamba kodi ya mwezi ya mapato ya nyumba za kupangisha ilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024? Huwahusu wanaopokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15. Vyumba vinavyoingiza 30,000 kwa mwezi hulipiwa 2,250.

Je, wajua kwamba riba ya hatifungani za serikali za miundombinu haikatwi kodi? Mwaka 2017 serikali ilileta M-Akiba, iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, nayo riba yake ya asilimia 10 haikutozwa kodi.

Je, wajua kwamba Wakamba walitozwa kodi kabla ya kuwapo kodi ya mapato? Kodi ya nyumba iliwekwa na Waingereza mwaka 1901, miaka 10 baada ya wamisionari wa Kilutheri kufungua kituo Ikutha. Ilihesabu vibanda, haikuuliza mwenyewe amevuna nini. Kodi ya mapato iliimarika 1937, na sheria tunayoitumia ilianza Januari 1974. Nafuu za leo zipo kwa sababu kodi ya mapato hutazama hali ya mlipaji, mradi mlipaji mwenyewe aieleze.

Je, wajua kwamba kukosa pesa za kulipa si sababu ya kutowasilisha? Ritani iliyochelewa ina faini yake, na kodi iliyochelewa ina yake: asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Wasilisha kwa wakati, kisha omba kulipa kwa awamu.

Je, wajua kwamba ukilipa kupita kiasi una miaka 5 ya kudai urejeshewe? Sheria pia inataka uhifadhi kumbukumbu kwa miaka hiyo 5. Basi nunua faili moja: P9, vyeti vya bima, taarifa za pensheni, risiti za ritani. Nywila ya iTax, mtandao wa kuwasilishia ritani, usimwachie mtu. Ukikwama, nenda Huduma Centre ya Kitui au ya Wote ukiwa na faili hilo mkononi, na uende Machi, siyo Juni 29.